Sauti za Kuazima: Moin Akhtar na Ufundi wa Kuiga Watu

Mwaka nilioacha chuo, kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika, niliuza kava na chaja za simu kwenye duka moja Ngara. Mwenye duka alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, Mkenya aliyezaliwa hapa hapa Nairobi, wa jamii ya Wamemoni. Wafanyakazi wote tulimwita Uncle. Wateja walimwita Muhindi, hata akiwa amesimama mbele yao.

Nilikuwa na kazi nyingine pale dukani ambayo haikuwa na mshahara. Uncle akienda kuswali Ijumaa, wenzangu waliniambia, "Buda, tutolee Uncle," nami nilimtoa. Unaijua hiyo sauti. Kila Mkenya anaijua, maana tumeisikia kwenye redio, kwenye tamthilia na kwenye vichekesho vya shule: Kiswahili cha Muhindi wa duka, ngeli zimekanyagana, kila kitenzi kimeishia pabaya. Nilikuwa nayo safi. Vijana wa duka jirani walikuwa wanakuja kusikiliza.

Ijumaa moja alirudi mapema. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, kwa hivyo nilijua kuna shida pale tu kicheko kilipokatika. Uncle hakusema kitu. Alibadilisha viatu, akahesabu pesa za asubuhi, akauliza kama mzigo wa chaja umefika. Mimi kichwani nilikuwa tayari napiga hesabu ya kodi ya nyumba, nikijua kazi imeenda. Jioni, baada ya kufunga, aliniita nyuma ya kaunta akanigeuzia kompyuta. Wanaume wawili walikuwa wameketi, mmoja anauliza maswali, mwingine anajibu.

"Huyu anayejibu," akasema. "Huyu ndiye anajua hiyo kazi unayofanya. Wewe bado."

Nilitazama dakika ishirini za lugha nisiyoielewa. Aibu ilikuwa bado imenikaa kooni, lakini nilicheka.

Aliyekuwa anajibu ni Moin Akhtar, na kipindi kinaitwa Loose Talk. Tangu siku hiyo nimetazama kazi zake nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote cha chuo. Nyingine zina maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, nyingine Uncle alinitafsiria huku akila machungwa. Naandika hapa kama mtu asiyejua Kiurdu, jambo ambalo ni kasoro kubwa ukizungumzia mwigizaji aliyesifika kwa kucheza na lafudhi. Ila pia lilinilazimisha kumtazama kwa macho, na kwa macho nilijifunza kitu ambacho pengine masikio yangenificha.

Moin Akhtar alizaliwa Karachi tarehe 24 Desemba 1950. Pakistan yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka 1947, Uhindi ilipogawanywa, Waislamu waliotoka upande wa pili walimiminika Karachi na lugha zao: Kiurdu, Kigujarati, Kimemoni. Waliwakuta Wasindhi na Wabaluchi, na baadaye wakafuata Wapashtuni na Wapunjabi waliokuja kutafuta riziki bandarini na viwandani. Mtoto wa mji kama huo husikia lugha nne kabla ya kufika dukani kununua sukari. Wanaomjua wanasema Moin aliweza Kiurdu, Kiingereza, Kisindhi, Kipunjabi, Kipashto, Kigujarati, Kimemoni na Kibengali. Sisi wa Nairobi hilo halitushangazi sana. Kondakta yeyote wa Eastlands ana lugha zake tatu na nusu. Tofauti ni kwamba Moin alizifanya lugha hizo kuwa kazi ya maisha.

Stori ya mwanzo wake inayosimuliwa sana ni ya tarehe 6 Septemba 1966, kwenye tamasha la Siku ya Ulinzi, mwaka mmoja baada ya vita na Uhindi. Alikuwa na miaka 15. Alipanda akaiga mwigizaji Anthony Quinn anavyocheza ngoma, kisha akaiga hotuba ya John F. Kennedy. Ukumbi ukashangilia. Naipenda stori hii kwa sababu ya aliowachagua: nyota wa Hollywood na rais wa Marekani aliyekwisha kufa. Ni watu wakubwa, wa mbali, ambao hawatawahi kukukuta ukiwa umeupa mlango mgongo. Kijana anayeanza kuiga huanzia huko kwa sababu hakuna hatari. Ukitaka kujua safari ya Moin Akhtar kwa miaka 45 iliyofuata, itazame hivi: alitoka kwa wakubwa wa mbali akaja polepole hadi kwa watu wa jirani, na kadiri alivyokaribia ndivyo kazi ilivyozidi kuwa ngumu.

Televisheni ya taifa, PTV, ilianza kurusha matangazo Lahore mwezi Novemba 1964. Kwa zaidi ya miaka 25 watazamaji wa Pakistan hawakuwa na chaguo lingine. Wazazi wetu waliokua na VOK, baadaye KBC, wanaelewa hali hiyo: nchi nzima inatazama kitu kimoja usiku mmoja, na kesho yake kila mtu ana maoni. Ukichekesha kwenye televisheni kama hiyo unamchekesha bibi, imamu, mwanafunzi na kanali kwa pamoja. Moin aliifahamu nyumba hiyo yenye watu wengi. Hakuwa mtu wa matusi. Alifanya kazi kwa miaka mingi na mwandishi Anwar Maqsood na mwigizaji Bushra Ansari, kwenye vipindi kama Studio Dhai na Studio Ponay Teen. Wakati huo huo alipanda jukwaani na Umer Sharif kwenye Bakra Qiston Pe, mchezo ambao kanda zake za video zilivuka mpaka hadi Uhindi na kuzunguka kila mahali penye familia zinazoelewa Kiurdu au Kihindi. Kanda hizo zilifika hadi Ngara. Uncle alitumiwa na binamu zake wa Karachi, na bado anazo kwenye boksi ingawa hana tena mashine ya kuzichezea.

Sasa turudi kwenye Loose Talk, kwa sababu hapo ndipo ufundi wake unaonekana bila mapambo. Ni kipindi cha miaka ya 2000, cha ARY Digital, baada ya serikali kuruhusu vituo binafsi. Moin alikuwa amevuka miaka hamsini. Bajeti yake inaonekana kama ya harusi ya haraka: meza, viti, kamera. Anwar Maqsood, ambaye pia ndiye mwandishi, anakaa upande mmoja na miwani yake, mtulivu kama mwalimu mkuu aliyeshazoea wanafunzi watundu. Upande wa pili kila kipindi anakuja mtu mpya, na kila mara mtu huyo ni Moin. Waziri. Mshairi. Mchezaji wa kriketi. Mwanamke. Fukara. Vinahesabiwa kuwa karibu vipindi 400.

Ukitazama bila kuelewa maneno, unaona kwamba kicheko huanza kabla hajafungua mdomo. Kinaanza kwenye makalio, nisamehe msomaji. Mwenye cheo hukijaza kiti kana kwamba kiti ni mali ya babake. Mtu wa kazi ndogo huomba ruhusa ya kukaa kwa mgongo wake. Halafu inakuja shingo, halafu mikono, na mwisho kabisa ndiyo sauti. Waigaji wengi, nikiwemo mimi wa Ngara, huanzia kwenye sauti na kuishia hapo hapo. Moin alijenga mtu kuanzia chini, kisha akamwachia mtu huyo aongee anavyotaka.

Kuna jambo lingine. Watu wake wengi ni wajinga, waongo au walafi, lakini hakuna anayejua kwamba yuko kwenye kichekesho. Waziri wake anaamini kabisa anachosema. Moin hampigi jicho mtazamaji kumwambia, "Tazama mtu huyu alivyo mjinga." Anakaa upande wa mtu anayemwiga hadi mwisho wa kipindi, kama wakili wa mshtakiwa ambaye kila mtu anajua ana makosa. Ndiyo maana satira yake iliuma. Sisi hapa tulipata kitu cha aina hiyo mwisho wa miaka ya 90, Redykyulass walipomwiga Moi akiwa bado Ikulu, na watu wakagundua kwamba anachekeka. Kuiga aliye juu yako kuna raha ya pekee, kwa sababu kunampunguza aliyezidi.

Lakini nani alisema unaowaiga wako juu yako kila mara? Kwa swali hilo lazima tuizungumzie Rozi.

Rozi ni tamthilia ya PTV ya mwaka 1990. Iliandikwa na Imran Aslam na kuongozwa na Sahira Kazmi, mwanamke aliyekuwa tayari ameongoza Dhoop Kinare, moja ya tamthilia zilizopendwa zaidi katika historia ya kituo hicho. Hadithi yake imetokana na Tootsie, filamu ya Marekani ya 1982 ambamo Dustin Hoffman ni mwigizaji asiyeajirika anayejifanya mwanamke ili apate kazi. Katika toleo la Karachi, Moin ni Haroon. Haroon anajua kuigiza, ila hakuna anayempa nafasi. Akavaa mavazi ya kike, akajiita Rozi, milango ikafunguka.

Mwanamume aliyevaa nguo za kike ni kichekesho cha zamani kuliko televisheni, na sisi pia tunacho kwa wingi. Kwa kawaida kinaenda hivi: wigi limekaa upande, kifua kimewekewa soksi, sauti inapaa, na mzaha ni kwamba mwanamke ni kitu cha ajabu. Ukimtazama Rozi unaona mzaha umehamishwa. Sauti imepandishwa, ndiyo, na kuna vituko vya kutosha. Lakini usoni mwa Rozi mna hofu ya Haroon wakati wote, hofu ya mtu ambaye hatimaye amepata mshahara na anaweza kuupoteza dakika yoyote wigi likiteleza. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya awe mwangalifu, na uangalifu huo ndio unaomfanya aonekane mwanamke wa heshima. Anapima kila neno. Anatazama nani yuko chumbani kabla ya kucheka. Wanawake wanaosoma hapa wanajua hayo ni mazoezi ya kila siku.

Kumbuka pia ilikuwa skrini gani. Katika utawala wa Jenerali Zia-ul-Haq, wanawake wa PTV waliamriwa kufunika vichwa wakiwa hewani. Mtangazaji Mehtab Channa alikataa, na akaondoka kwenye kipindi chake. Zia alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 17 Agosti 1988, na miezi minne baadaye Benazir Bhutto akawa waziri mkuu. Rozi ilikuja katika pumzi hiyo. Kwenye skrini ambayo miaka michache nyuma ilibishania nywele za wanawake, mwanamke aliyevuma mwaka huo alikuwa mwanamume mwenye wigi.

Hapo ndipo sifa zangu zinapungua kidogo. Watu wengi wanaitaja Rozi kama kilele cha Moin Akhtar, na sitabisha. Ila ni kweli pia kwamba mwanamume alishangiliwa kwa kuonyesha saa moja ya maisha ambayo wanawake wa studio hiyo hiyo waliishi miaka kumi bila kushangiliwa na mtu. Nafikiri Sahira Kazmi, akiwa nyuma ya kamera, alilijua hilo vizuri kutuzidi.

Kwangu mimi Rozi ilinigonga pengine. Barua ya kuomba kazi niliyompa Uncle ilisema niko mwaka wa mwisho wa chuo, nasubiri mahafali. Nilikuwa nimeacha mwaka wa tatu, na mahafali pekee niliyokuwa nasubiri ni ya watu wengine. Kila mtu anayetafuta kazi Nairobi amewahi kuvaa wigi la aina fulani. Umebadilisha jina la mtaa unaoishi ili usisikike kama mtu wa vurugu. Umepokea simu kwa Kiingereza cha kuazima. Haroon alinifanya nione kwamba mimi, mwigaji wa duka, nilikuwa naigiza pande zote mbili za kaunta: Uncle nikimpa mgongo, na msomi wa chuo kikuu nikimpa uso.

Sasa nifike kwenye tamthilia iliyonisumbua zaidi, Sach Much. Hapa Moin ni Seth Manzoor Danawala. Seth ni tajiri wa biashara, mtu wa hesabu, na huyu ana mazungumzo na vitendo vya wafanyabiashara wa Karachi ambao babu zao walitoka Kathiawar, Gujarat. Kwa maneno mengine, ni watu wa Uncle kabisa. Uncle anasema Seth Danawala ni mjomba wake mtupu, pamoja na namna ya kukunja risiti.

Nilitegemea Uncle aichukie. Huyu hapa mwigizaji ambaye si Mmemoni, amevaa lafudhi ya jamii yao, anamchezea tajiri bahili mbele ya taifa zima. Nikijiuliza tofauti yake na mimi wa Ijumaa, sikuiona. Lakini Uncle ameitazama mara nyingi hadi anajibu kabla ya Seth. Nikamuuliza kwa nini. Akamenya chungwa lingine, akasema, "Huyu anajua Seth halali usiku. Wewe ulijua nini kunihusu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua anavyokosea ngeli. Hilo tu. Sikujua anaamka saa ngapi, wala kwamba Kiswahili ni lugha yake ya nne baada ya Kimemoni, Kigujarati na Kiingereza, wala kwamba ngeli hizo nilizokuwa nazicheka ndizo alizotumia kuwalipia mishahara watu sita. Na mimi mwenyewe, kijana wa Kakamega, Kiswahili changu kikifika Mombasa kinapokelewa kwa kicheko cha adabu. Nakumbuka mama mmoja wa mahamri kule Old Town aliniomba nirudie sentensi yangu ili bintiye aisikie. Niliirudia. Sijui kwa nini niliirudia.

Kwa hivyo nimejitengenezea kipimo kidogo cha kuiga watu, na nimejaribu kukitumia kwa Moin mwenyewe. Kipimo ni hiki: aliyeigwa akiingia chumbani, je, kicheko kitakatika? Waziri akiingia, sawa, kikatike, hiyo ndiyo kazi ya satira. Seth akiingia, kama Uncle alivyoniambia, atavuta kiti. Rozi akiingia, nadhani wanawake wengi watavuta kiti pia, ingawa wengine watasimama mlangoni.

Mtu anayenishinda ni mchezaji wa kriketi wa Bangladesh. Kipande hicho cha Loose Talk ni kati ya vinavyosambazwa sana, na mzaha wake mkubwa ni Kiurdu kinavyotoka kwenye kinywa cha Mbengali. Moin anakifanya kwa ustadi wa kutisha. Lakini ukijua historia, kicheko kinapata uzito. Bangladesh ilikuwa Pakistan ya Mashariki. Mwezi Machi 1948, Jinnah alisimama Dhaka akawaambia Wabengali, waliokuwa wengi kuliko raia wengine wote wa nchi hiyo, kwamba lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Tarehe 21 Februari 1952, polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa Dhaka waliotaka Kibengali kitambuliwe. Mwaka 1971 kulitokea vita, mauaji makubwa, na nchi ikagawanyika. Moin alikuwa na miaka 20. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, msanii wa Karachi anachekesha kwa kuonyesha Mbengali akikosea Kiurdu. Watu walikufa kwa ajili ya haki ya kutokijua Kiurdu hicho.

Je, Moin alikusudia ubaya? Sioni hivyo. Mbengali wake ana heshima ile ile ya waziri na fukara: anaamini anachosema, na wala haoni aibu. Alikijua Kibengali, jambo ambalo waigaji wengi wa lafudhi hawalijui kuhusu lugha wanazozicheka. Lakini mwigaji hana mamlaka juu ya anachobeba mtazamaji kutoka nyumbani. Mtu akicheka kwa dharau aliyokuja nayo, ufundi wa msanii hauwezi kumzuia, na pengine ndio unaoinogesha. Tunalijua hilo. Lafudhi za Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na Mluhya zimelisha majukwaa yetu ya vichekesho kwa miaka, na mara nyingi tumecheka pamoja kwa upendo. Kisha ukaja mwisho wa 2007, na namna mtu anavyotamka neno moja kwenye kizuizi cha barabarani ikawa swali la kufa au kupona. Lafudhi zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni aliyekuwa anasikiliza.

Nilimuuliza Uncle kama Mbengali angecheka akiona kipande kile.

"Wengine," akasema. Akafikiri. "Inategemea ni mwaka gani."

Sijapata uhakiki mzuri kuliko huo. Ndiyo maana sitaki kumfanya Moin Akhtar mtakatifu, ingawa mashabiki wake kwenye YouTube wameshamaliza kazi hiyo. Naona msanii aliyekaribia sana kutatua tatizo ambalo pengine halitatuliki: unamwazima mtu sauti yake, unailea vizuri, unairudisha safi, na bado kuna siku mwenyewe anadai ulimwibia.

Moin alifariki Karachi tarehe 22 Aprili 2011, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 60. Serikali ilikuwa imempa tuzo ya Pride of Performance, na Sitara-i-Imtiaz pia ni yake. Leo anaishi kwenye simu za watu, ndani ya vipande vya sekunde kumi. Vijana wa Delhi na Dhaka wanatumiana uso wake kwenye magrupu wakibishana kuhusu mechi au mishahara, na wengi hawajui jina lake. Uso umekatwa kutoka kwenye mtu, mtu amekatwa kutoka kwenye kipindi. Kwa msanii aliyejenga kila mhusika kuanzia kwenye kiti kwenda juu, hiyo ni hatima ya ajabu kidogo: kimebaki kile tu ambacho yeye alikiweka mwisho.

Uncle hakunifuta kazi. Nilikaa pale miezi minane zaidi, hadi pesa za kuandika zilipoanza kutosha kodi. Idd ya mwaka ule alitualika wafanyakazi wote kwake kula biriani. Mkewe, ambaye tunamwita Auntie, wanawe na wajukuu walikuwepo. Baada ya chakula Uncle akaniangalia, akasema mbele ya wote, "Haya. Nifanye sasa."

Chumba kikanyamaza. Wenzangu wa duka wakaangalia sahani. Nikasimama, na kwa mara ya kwanza ile sauti ikagoma kabisa kutoka. Ilikuwa pale, naijua, lakini ilionekana ndogo sana mbele ya mtu mzima aliyekuwa amenilisha.

Kwa hivyo sikusema neno. Nilivua viatu, nikavaa sandali zisizokuwepo. Nikaketi polepole, mkono mmoja kwenye goti la kushoto, lile linalomuuma wakati wa mvua. Nikachukua risiti ya hewa, nikaikunja mara mbili, nikaipiga pasi kwa ukucha wa kidole gumba, nikaifungua tena kuhakikisha, nikaikunja upya. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila jioni kwa karibu mwaka mzima na sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nimeona.

Auntie ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akajifunika uso na mtandio, akimpiga Uncle begani. Uncle mwenyewe hakucheka mara moja. Aliitazama mikono yangu, kisha akaitazama yake.

"Ngoja," akasema. "Mimi naikunja mara tatu."